Koti la Sabuni

Wiki iliyopita tulimwacha Matone ameganda mbele ya darubini, kiganja mdomoni. Basi bado yuko pale pale. Mlionilalamikia kwamba nimewakatia utamu, poleni sana. Leo sikati kitu, shikeni tu gazeti vizuri.

Alichokiona mle ndani ni vifo.

Si vya watu. Ni vya seli za ngozi, maelfu kwa maelfu, zinazofugwa kwenye sahani ya plastiki isiyozidi kiganja cha mtoto. Jumanne asubuhi Matone mwenyewe, mwanamke fundi wa maabara, alichora mkwaruzo mmoja mwembamba katikati ya zile seli, akadondoshea dawa, akaifungia sahani kwenye kabati la joto. Kawaida, baada ya siku mbili, seli za huku na za kule husogeleana mpaka mkwaruzo unapotea. Kidonda nacho hufunga hivyo hivyo. Dawa yao ilishafanya hivyo mara kumi na moja, bila kukosea.

Leo Alhamisi mkwaruzo uko wazi kama ulivyochorwa. Seli zimejikunyata, zimekuwa viduara, zinaelea hovyo. Hakuna hata moja iliyoshika chini.

Kwa wale waliochelewa kupanda safari hii, dawa yenyewe ni dhahabu. Ni hii hii ya pete, ila chembe zake ni ndogo mno, hata ndani ya maji haing'ai tena, inakuwa nyekundu kama wino wa kusahihishia madaftari. Na dhahabu haina neno. Maneno yote yako kwenye koti, ndivyo wenyewe wanavyoliita, yaani kile kinachoizunguka kila chembe. Ukiivika koti la protini, ngozi inaipokea vizuri. Ukiiacha na koti la sabuni, ile sabuni kali ya maabara inayotumika kuzitengeneza chembe, ngozi inakufa. Matone alitengeneza za aina zote mbili. Ile ya sabuni ilikuwa ya kulinganishia tu, hairuhusiwi kutoka nje ya mlango.

Sahani aliyoiangalia ilipewa ya protini. Angalau ndivyo kifuniko cha chupa kilivyosema.

Na hapo kwenye kifuniko ndipo roho ilipomruka. Mle maabara kila kitu hupanguswa kwa spiriti, na spiriti hufuta wino wa kalamu. Mwaka jana Matone alichoka na chupa zisizo na majina, akabuni utaratibu wake. Kifuniko cha kijani ni protini, cha bluu ni sabuni. Kila mtu alimsifu. Wageni walipokuja walionyeshwa vifuniko vya Matone kana kwamba ni kitu cha makumbusho.

Chupa haina alama. Alama iko kwenye kifuniko. Na kifuniko kinafunguka.

Alichukua matone mawili kutoka chupa ya kijani, akayatia kwenye kisahani, akaongeza maji ya chumvi. Kipimo hicho hata mwanafunzi anakijua. Koti la protini huvumilia chumvi, wekundu unabaki. Koti la sabuni haliwezi, chembe zinagandana na maji yanageuka zambarau. Alihesabu kimoyomoyo. Hakufika hata kumi.

Zambarau.

Mwenzake wa meza ya pili, jamaa waliyempachika jina la Miwani kwa sababu huwa nazo mbili na anazitafuta zote, alikuja kuchungulia. Akaona sahani, akaona rangi, akaelewa. Akashusha sauti na kumshauri asikurupuke. Huenda kabati la joto liliharibika. Huenda maji yalichafuka. Asubiri Jumatatu warudie jaribio, na mpaka hapo wasimwambie mtu. Alikuwa anamtakia mema, sikatai, lakini Matone hakumsikia hata neno moja.

Maana alikuwa anaikumbuka Jumatatu ya wiki hii. Asubuhi ile alikuwa amefungua chupa zote mbili kwa pamoja, kosa ambalo yeye mwenyewe huwagombezea wengine, na vifuniko amevilaza kwenye karatasi. Simu ikaita. Ni dada yake, Pindo, mshonaji wa sare za shule, mwenye kidonda juu ya kifundo cha mguu kilichogoma kupona mwezi wa saba sasa. Pindo alikuwa analia na kucheka. Alisema wamemkubali, amepata nafasi kwenye majaribio ya dawa, na mpasuaji aliyetaka kuukata mguu amesogeza tarehe mpaka Jumamosi ili waone kwanza. Matone akaruka pale pale. Akavifunga vifuniko bila kutazama, kwa furaha.

Asubuhi hiyo hiyo alimimina dawa kwenye kichupa cha kupeleka kliniki. Aliimimina kutoka chupa ya kijani.

Kabla ya simu, au baada?

Alifumba macho akajaribu kujiona. Mkono, bomba, kichupa. Simu iko wapi? Hakuiona. Alijaribu tena na hakuiona. Mtu amefanya kazi ile ile kila siku kwa miaka sita, ataikumbukaje siku moja?

Akapiga kliniki. Simu iliita mpaka ikachoka. Akampigia Pindo, imezimwa, kwa sababu kwenye chumba cha kufungia vidonda simu huzimwa. Saa ya ukutani ilisema saa nane na dakika ishirini na tano, na bandeji ya Pindo inabadilishwa saa tisa kamili. Atawekewa dozi ya pili.

Alitoka na koti la maabara mwilini na glavu moja mkononi.

Mwenye pikipiki alimtazama akauliza kama kuna mtu amefariki. Matone akamwambia bado, twende. Mwenye pikipiki akaacha maswali. Alikata kona ambazo mimi siwezi kuzisimulia bila kushitakiwa, na Matone nyuma hakushika hata chuma, mikono yote miwili iko kwenye simu, anapiga, anakata, anapiga. Kliniki haipokei. Pindo amezima. Njia nzima alikuwa anajibishana na nafsi yake, kabla au baada, kabla au baada, na kila nukta aliyoikumbuka aliitilia shaka hapo hapo.

Getini mlinzi alimtolea daftari la wageni. Jina, anakotoka, anakokwenda, saa. Matone akaandika mchoro usiosomeka. Mlinzi akaligeuza daftari kulia, akaligeuza kushoto, akamwomba aandike tena kwa herufi kubwa. Nawaambieni ukweli, mlinzi yule alikosea siku ya kuwa mwaminifu kazini. Matone alipita chini ya kizuizi, na yule akabaki anaita.

Chumba cha kufungia vidonda kiko mwisho wa ukumbi, mlango wa kijivu, harufu ya dawa ya kusafishia inakutana nawe mbali. Alisukuma mlango bila kubisha.

Pindo alikuwa amekaa kitandani, mguu juu ya mto uliofunikwa plastiki. Bandeji ya Jumatatu bado imefungwa. Muuguzi, mama mnene wa maneno machache ambaye amekisafisha kidonda kile tangu mwezi wa kwanza, ameshika sindano isiyo na ncha, imejaa maji mekundu. Daktari wa vidonda yuko kwenye kiti, anaandika.

Sasa kuna jambo ambalo dada hawa wawili waliahidiana. Masharti ya majaribio yalikataza ndugu wa mtu wa maabara kuingizwa. Matone alilificha hilo alipolipeleka jina la Pindo, na wakakubaliana kwamba wakikutana kliniki hawajuani. Pindo, ambaye akiambiwa aigize anaigiza kwelikweli, alimwangalia mdogo wake kuanzia kichwani hadi kwenye glavu moja, kisha akamuuliza muuguzi huyu mama ni nani na mbona haingii kwa adabu.

Matone hakuwa na muda wa mchezo.

"Weka chini hiyo sindano," alimwambia muuguzi. "Tafadhali. Usimdondoshee hata tone."

Muuguzi hakuiweka chini, wala hakumdondoshea. Alisimama tu. Alisema chumba hiki kinapokea amri ya daktari, tena iliyoandikwa, si ya watu wanaotoka mbio barabarani. Daktari akainua macho. Ni mtu wa taratibu, hapandishi sauti, na kwa ajili hiyo watu humwogopa zaidi. Akamwomba Matone aseme shida yake.

Hapo Matone angeweza kupita njia ya Miwani. Angesema kuna hitilafu ndogo, ngojeni mpaka Jumatatu, akaondoka na kichupa na kazi yake. Neno lilifika mpaka kwenye ulimi. Halafu akautazama ule mguu.

Akasema yote. Chupa mbili wazi, vifuniko kwenye karatasi, simu, sahani iliyokufa. Alisema huenda walichomwekea mgonjwa tangu Jumatatu ni koti la sabuni, na kosa ni lake, si la mtu mwingine.

"Huenda?" aliuliza daktari.

"Sijui kama nilimimina kabla au baada. Nipeni maji ya chumvi, tutajua sasa hivi."

Maji ya chumvi pale ni kama maji ya bomba, ndiyo wanayooshea vidonda mchana kutwa. Muuguzi akamsogezea kisahani cha chuma. Daktari akakikataa, akataka cheupe ili rangi ionekane, na wakapata kifuniko cha kopo la pamba. Matone alipokea sindano, akadondosha matone mawili mekundu. Wakaongeza chumvi.

Wote wanne waliinama, hata mgonjwa.

Wekundu ukakaa. Ukakaa. Matone akaanza kuvuta pumzi. Halafu pembeni pakaingia giza kidogo, likatambaa kwenda katikati, na kifuniko kizima kikawa zambarau.

"Basi ni baada," alisema Matone, akakaa chini sakafuni.

Pindo alisahau maigizo yake yote. "Mdogo wangu, inuka. Sakafu ya hospitali hiyo."

Daktari alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, paji la uso lile lile, kidevu kile kile, akauliza kwa upole kama hawa ni ndugu. Tumbo moja, Matone alijibu kutoka sakafuni. Daktari akasema yeye na Matone watakuwa na mazungumzo yao, na hayatakuwa mafupi, lakini si leo. Akamgeukia muuguzi na kumwambia afungue bandeji, waoshe kila kitu kilichomo, haraka.

Muuguzi akaanza kufungua. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Matone alijilazimisha kutazama. Alishaona kwa darubini sabuni ile inavyoitenda ngozi, na alijua anachongoja: nyama nyeupe, kingo zilizoungua, mwisho wa mguu wa dada yake. Pindo ndiye aliyekanyaga cherehani akamsomesha. Ada yote ya chuo ilitoka kwenye mguu ule ule. Matone alitaka kulia na aliona hana haki ya kulia.

Shashi ya mwisho ikanyanyuliwa.

Muuguzi alisogeza uso karibu. Akanusa. Akanusa tena, kwa nguvu, jambo ambalo si la kawaida kwa kidonda.

"Daktari, harufu imekwisha."

Kidonda kilikuwa bado kipo, kikubwa vile vile. Lakini ule utando wa kijani uliokaa juu yake miezi yote ile, uliooshwa ukarudi, ukaoshwa ukarudi, haukuwapo. Na kando kando, kuzunguka ukingo, kulikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya waridi.

Daktari alichukua tochi yake. Alitazama muda mrefu mpaka Matone akashindwa kuvumilia, akamwomba aseme chochote. Daktari akasema ule waridi unaweza kuwa ngozi changa. Unaweza pia kuwa ngozi inayoungua. Siku ya tatu vyote viwili hufanana, na yeye hataki kudanganya mtu. Akachukua kipande cha shashi kilicholowa, akagusa ukingo taratibu.

Pindo akashtuka akavuta mguu.

"Inauma," alisema.

Nataka mnielewe. Miezi saba mguu ule haukuuma. Kisukari cha Pindo kilishauondolea hisia, na kutouma kwenyewe ndiko kulikowatisha madaktari. Muuguzi alikuwa akikikwangua kidonda na Pindo anamsimulia habari za wateja wasiorudi kuchukua sare zao. Sasa mwanamke huyo ameshika ukingo wa kitanda, machozi yamemjaa, na midomo inacheka.

"Inauma kweli, jamani. Guseni tena."

Daktari hakugusa tena. Alivuta kiti akakaa mbele yake, akamweleza bila kuficha. Kuna njia mbili. Waoshe sasa hivi, na Jumamosi mpasuaji aukate chini ya goti kama ilivyopangwa. Atarudi kwenye cherehani, kwa mguu wa bandia na mguu mzima. Au wakiache kilivyo mpaka Jumamosi waone. Kama waridi ule ni ngozi, hakuna kukata. Kama ni kuungua, sumu itakuwa imepanda, na watakata juu ya goti. Hapo cherehani hawezi kumwahidi, na hata uhai atauahidi kwa shida. Yeye binafsi angeosha.

Pindo alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akamgeukia mdogo wake.

"Wewe ndiye uliyeitengeneza. Unasemaje?"

Matone alitaka sana kusema acha. Nafsi yote ilitaka. Lakini alichokuwa nacho ni kile alichokiona.

"Kwenye sahani zilikufa zote, dada. Hakubaki hata moja. Waoshe."

"Kwenye sahani kulikuwa na wadudu?"

"Hapana. Sahani ni safi."

"Kulikuwa na usaha? Damu?"

"Hapana."

"Kwa hiyo sabuni ilikuta seli peke yake, ikazimaliza hizo hizo. Huku kwangu imekuta uchafu wa miezi saba." Pindo alikuwa anaongea polepole, macho kwenye mguu, vile anavyofikiri mbele ya kitambaa kabla ya kutia mkasi. "Na hiyo damu, ikigusa dhahabu yako, haiishiki?"

Damu imejaa protini. Protini za damu hushika chembe yoyote inayoingia mwilini, huizunguka, huiganda. Matone anajua. Amelisoma, amelifanyia mtihani, na kwa sababu kwenye sahani zake hakukuwahi kuwa na damu, hakulifikiria hata siku moja.

"Inaishika," alisema. "Inaweza kuivika koti la juu."

"Juu ya lile la sabuni?"

"Juu yake. Labda baada ya sabuni kuua wadudu. Dada, nimesema labda. Sina ushahidi. Hakuna mtu aliyewahi kulipima hili, sisi hatukulipima."

"Linapimwa sasa," alisema Pindo.

Akamwambia muuguzi afunge. Daktari akaanza kumkumbusha kuhusu goti, na Pindo akamjibu kwa heshima zote kwamba amemwelewa mara ya kwanza. Mguu ni wake, na huu ndio mchana wa kwanza ndani ya miezi saba kujua kwamba ni wake. Dozi nyingine asiongezewe, hilo alikubali. Kilichomo kibaki.

Daktari aliandika karatasi kwa mkono, mistari minane, akaisoma kwa sauti. Pindo akaomba kalamu. Muuguzi, ambaye hana desturi ya kuacha hatua hata nyumba ikiungua, akamtia kipimajoto kwapani wakati Pindo anaipitia karatasi mwenyewe.

Matone ndiye aliyefunga bandeji. Muuguzi alimwachia bila maneno, akamrekebisha mara moja tu kwenye kisigino. Alizungusha taratibu, akihofia kukaza, akihofia kulegeza, na kila mzunguko alijiuliza kama anaufunga mguu unaopona au anamfungia dada yake sabuni ndani. Alipofika mwisho alikuwa hajapata jibu.

Pindo akatia sahihi, mwandiko wake mkubwa wa mshonaji. Akamrudishia daktari kalamu, akakunja mikono kifuani.

Muuguzi alichomoa kipimajoto. Akakisoma. Akakikung'uta, akakirudisha kwapani, akangoja huku anatazama saa yake, akakichomoa tena. Safari hii hakukirudisha. Alimpa daktari mkononi.

Jua la saa tisa na nusu lilikuwa limejaa kwenye dirisha lililofungwa. Daktari alikuwa anatoka jasho. Matone alikuwa anatoka jasho.

"Hivi hamna shuka la ziada?" aliuliza Pindo, na meno yake yalikuwa yanagongana. "Mbona humu ndani kuna baridi hivi?"